Fundi Asiyekimbilia Bisibisi

Fundi mzuri wa kompyuta utamjua kwanza kwa asichokifanya. Mteja anaingia kibandani amekumbatia kisanduku kizito, nyaya zinaning'inia, anakitua mezani na kutangaza kwamba mashine imekufa. Kijana aliyeanza kazi juzi angenyakua bisibisi papo hapo. Fundi aliyekomaa humvutia mgeni kiti, kisha huanza kuuliza.

"Imekufaje, Mwalimu?"

"Nabonyeza, inakataa."

"Ukibonyeza, kuna taa yoyote inayowaka? Feni unaisikia?"

"Feni naisikia, mwanangu. Skrini ndiyo haina kitu."

"Basi haijafa. Mara ya mwisho ilifanya kazi lini?"

"Juzi, kabla ya ile mvua."

Kwa maswali hayo machache, nusu ya makosa yanayowezekana imekwisha kuondolewa, na kisanduku bado hakijafunguliwa. Kompyuta inayokataa kuwaka hukataa kwa namna tatu. Kuna ile isiyotoa dalili yoyote: hakuna taa, hakuna sauti. Kuna inayonguruma lakini haitoi picha. Na kuna inayoonyesha nembo ya kampuni iliyoiunda, halafu ikakwama kabla Windows haijafunguka. Ya kwanza ni kesi ya umeme, ya pili mara nyingi ni ya ramu au bodi, ya tatu huwa ya diski au programu. Kwa mteja vyote ni kifo kimoja. Fundi huanza kazi yake kwa kuvitenganisha.

Nimevutiwa na kazi hii katika miji miwili ya kusini mwa Nyanza: Migori, uliotandaa kando ya barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Isebania mpakani mwa Tanzania, na Homa Bay, ulio kati ya mlima Asego na Ghuba ya Winam. Katika miji yote miwili, fundi wa kompyuta mara nyingi hana duka lake peke yake. Anabana kwenye kona ya saiba au kwenye kibanda cha M-Pesa, mwenzake akitoa fotokopi na kuchapa ratiba za mazishi, yeye akiwa na meza moja, taa moja, na rundo la bodi zilizokwisha kufa chini ya miguu yake. Mteja wa Rodi Kopany anaweza kuteremka Homa Bay au kwenda Rongo hadi Migori. Kokote atakakokwenda, akimpata fundi anayeijua kazi, ataona mpangilio ule ule.

Mpangilio huo una sababu. Kipuri kikikosekana mjini, huagizwa Nairobi, mara nyingi kwenye maduka ya Luthuli Avenue, na kuletwa kwa basi la usiku. Fundi akibahatisha kwamba kosa ni la bodi, akaagiza bodi, kumbe ni pawa saplai, atakuwa amepoteza usiku mzima, nauli ya mzigo na imani ya mteja. Mbali na Luthuli, kukisia ni anasa. Ndiyo maana mafundi wa huku wamekuwa hodari wa jambo ambalo mwenzao anayefanya kazi hatua chache kutoka kwenye maduka ya vipuri anaweza kuishi bila kulijua sana: kuthibitisha kabla ya kununua.

Uchunguzi huanzia ukutani, na kuna wakati huishia hapo hapo. Mara kwa mara mashine iliyokataa nyumbani kwa siku kadhaa huwaka kibandani bila kuguswa. Mteja huona haya. Fundi hacheki, humwomba alete waya na ekstensheni aliyokuwa akitumia nyumbani. Soketi iliyolegea, fyuzi ya plagi iliyokatika, swichi ndogo nyuma ya kisanduku iliyozimwa na mtoto, yote haya yanatosha kuinyamazisha mashine nzima. Pawa saplai za zamani huwa pia na swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Stima ya Kenya ni ya volti 240. Mtu akiisukuma swichi hiyo upande wa 115 kisha akawasha, mlio mmoja mkali na harufu ya kuungua ndiyo huwa taarifa yake.

Stima yenyewe ina historia yake huku. Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulipoanza, ada ya kuunganishiwa umeme ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za mashambani zikapata soketi kwa mara ya kwanza. Nyuma ya soketi zikaja televisheni, na nyuma ya televisheni zikaja kompyuta za mtumba zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK. Ni mashine imara, ila zilizoea ofisi ambako umeme haukatiki ovyo. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi, na mvua ya ziwani hupenda kupiga usiku, watu wamelala na plagi ziko ukutani. Umeme ukikatika hauleti madhara makubwa kama unaporudi ghafla. Ndiyo sababu neno "mvua" katika maelezo ya mwalimu lilimfanya fundi atulie na kusikiliza.

Kabla ya kufungua kisanduku, kuna jaribio moja lisilogharimu kitu. Fundi huchomoa waya wa umeme, kisha hukibonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa nusu dakika hivi. Umeme uliobaki ndani ya kapasita huisha. Bodi iliyokuwa imejifunga baada ya msukosuko wa stima huanza upya, na mashine kadhaa zimewahi kurudi nyumbani kwa tiba hiyo tu. Wateja hawaamini wakiiona.

Ikishindikana, ndipo bisibisi huchukuliwa. Kwanza mkono hugusa chuma cha kisanduku ili umeme tuli wa mwilini usiende kuumiza ramu. Halafu huja mita. Pawa saplai ya kawaida hutoa nyaya zenye rangi zinazosomeka: njano ni volti 12, nyekundu ni 5, rangi ya chungwa ni 3.3, nyeusi ni ya kurudisha mkondo. Zambarau hutoa volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi plagi iko ukutani. Waya huo ukiwa mkavu, hakuna haja ya kulaumu kitufe. Fundi hukunja kipande cha waya na kuunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi, kwa maana kijani ndiyo amri ya kuwaka. Feni ya pawa saplai ikizunguka, kijana wa juzi angesema ni nzima. Mzoefu huendelea kupima. Kiwango cha pawa saplai hizi kinaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 5, kwa hiyo njano yapasa kuwa kati ya volti 11.4 na 12.6, na asipoipima ikiwa imebeba mzigo hajapima kitu. Kisha kuna waya wa kijivu, ambao husema umeme umetulia. Ishara yake hufika kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya kuwasha, na bodi isipoipata hukataa kuendelea. Na si kila kampuni hufuata rangi hizi. Baadhi ya Dell na HP za miaka ya karibuni zimepanga nyaya zake kivyake, kwa hiyo fundi husoma maandishi ya kibandiko kabla ya kuunganisha chochote.

Kifuniko cha pawa saplai yenyewe hakifunguliwi kwa pupa. Umeme wa volti 240 ukigeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu ndani yake hukaribia volti 340, na kapasita kubwa huushikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi mwenye miaka mingi kazini huheshimu kisanduku hicho kidogo kuliko sehemu nyingine yoyote ya kompyuta.

Tazama pia utaratibu wa kubadilishana vipuri vya majaribio. Mali ya kweli ya fundi ni vile vitu vichache anavyovijua kwa yakini kuwa ni vizima: ramu moja, pawa saplai moja, skrini moja na waya wake. Anaweza kuiweka ramu yake nzima kwenye mashine ya mteja, lakini si kabla ya kuipima pawa saplai ya mteja, kwa sababu umeme mbovu ungeiua ramu hiyo na kumwacha na vifo viwili badala ya kimoja. Umeme kwanza, bodi baadaye. Sheria hii haijaandikwa ukutani, lakini ukikaa kibandani asubuhi nzima hutaona ikivunjwa.

Umeme ukithibitika, fundi huanza kupunguza. Hutoa diski, hutoa kisoma-CD, huchomoa kibodi, kadi ya skrini na flashi zote. Hubakisha bodi, prosesa, ramu moja na pawa saplai. Mashine ikiwaka katika hali hiyo ya uchi, basi mkosaji ni mmoja wa waliotolewa, na atarudishwa mmoja mmoja hadi ajulikane. Isipowaka, wa kushukiwa wamebaki wachache. Wengi wetu tukiharibikiwa na kitu huongeza: programu nyingine, waya mwingine, ushauri mwingine. Fundi hupunguza mpaka kosa likose pa kujificha.

Hapo ndipo hufanya jambo linalomshangaza mteja: hutoa hata ile ramu ya mwisho, akawasha, akatega sikio. Tangu IBM ilipoitoa kompyuta yake ya kibinafsi tarehe 12 Agosti 1981, mashine za ukoo huu zimekuwa na desturi ya kujipima kabla ya kazi, na zikikosa kitu cha lazima hulia kwa milio ya kuhesabika. Bodi isiyo na ramu ikilia, ni bodi hai. Ikinyamaza, hali ni mbaya. HP Compaq nyingi hulia huku taa yao nyekundu ikimeta: mara 2 ni joto, mara 4 ni umeme, mara 5 ni ramu. Dell OptiPlex nyingi za miaka ya 2000 zina taa 4 zenye namba, na kila mchanganyiko wake una maana. Fundi huzihesabu kimya kimya, midomo ikichezacheza. Mteja husikia kelele ya hitilafu. Yeye husikia mashine ikitaja mahali inapoumwa.

Ikitaja ramu, dawa ya kwanza ni raba ya mwanafunzi. Meno ya ramu yamepakwa dhahabu nyembamba, na kwenye hewa yenye unyevu wa ziwa na vumbi la murram hupata utando usioonekana. Fundi huyasugua polepole kwa kuelekea upande mmoja, hupangusa vumbi la raba, hupuliza tundu, kisha huirudisha ramu kwa vidole gumba viwili mpaka vishikizo vifunge kwa mlio. Ndani ya Kaunti ya Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Zimejengwa kwa mawe makavu, bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na zinasimama kwa sababu kila jiwe limekaa mahali pake. Sehemu nyingi za kompyuta hushikana hivyo hivyo, kwa kukalishwa tu. Tofauti ni kwamba mawe ya Thimlich hayakupandishwa bodaboda, kama zinavyopandishwa kompyuta za wateja.

Mazingira ya kila mji huacha alama zake ndani ya kisanduku. Homa Bay, wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku kwa maelfu, hunyonywa na feni na kukaukia kwenye mapezi ya kupozea prosesa. Kwingineko ni mijusi, siafu, na panya anayetafuna nyaya. Mashine iliyozibwa hivyo huwaka kwa dakika chache, huzidiwa na joto, hujizima ili isiungue. Mteja huja na hofu kwamba bodi imekwisha. Kazi inayohitajika ni blowa, brashi, na kuondoa ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka nyingine, kiasi kidogo tu.

Kisha macho huhamia kwenye kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Kilicho kizima kina kichwa bapa. Kilichovimba au kuvuja ukahawia kimekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata tauni ya kapasita mbovu, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kubadilisha bodi zilizoathirika. Fundi mwenye mkono mwepesi wa kulehemu hung'oa kipipa kilichovimba, akatafuta kwenye rundo la chini ya meza chenye volti na ujazo ule ule, akakipachika bila kukosea upande hasi. Rundo lile lililoonekana ni takataka ndilo ghala lake, na anajua kila bodi iliyomo ilikufa kwa nini.

Kuna pia betri ndogo ya volti 3, CR2032, inayotunza saa ya mashine. Ikiisha, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma na kusimama ikidai tarehe, au huwaka lakini kurasa za intaneti zikakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Mtu asiyejua angeweza kufuta Windows nzima kwa kosa la betri ya bei ya soda.

Tukifika kwenye diski, ufundi hugeuka kuwa uaminifu. Diski nyingi za kizamani za sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno. Ikianza kugonga tik, tik, fundi mzuri huizima mara moja, maana kila mzunguko unaweza kukwangua kile mteja alichokuja kukiokoa. Wapo wanaokimbilia kufuta kila kitu na kuweka Windows mpya, kwa sababu ni kazi rahisi na mashine huonekana imepona. Anayestahili sifa huuliza kwanza: "Mwalimu, humu ndani kuna kitu usichoweza kukipoteza?" Ndipo hutajwa mitihani ya muhula, daftari la chama, picha pekee ya marehemu iliyotumiwa kwenye ratiba ya mazishi. Huwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kuigusa Windows, akanakili vitu hivyo mahali salama, halafu ndipo ashughulike na ugonjwa wenyewe. Anavinakili bila kuvipekua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini adabu ya fundi kuhusu faili za jirani yake ilipaswa kuwepo hata pasipo sheria.

Ujuzi huu hupatikana kwa njia kadhaa. Wengine wamepita taasisi za ufundi kama Mawego, katika Kaunti ya Homa Bay, au Chuo Kikuu cha Rongo. Wengine walianza kwa kumfagilia fundi kibanda na kumshikia tochi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, huwapima mafundi kwa madaraja, na cheti chake humsaidia aliyejifunzia kibandani kupata zabuni ya shule. Lakini hakuna mtihani unaopima lile la kwanza nililolitaja: kukaa na swali bila kulikimbilia jibu.

Na hapo ndipo tunapowakosea. Mteja yuko tayari kulipia kipuri kwa sababu anakishika mkononi. Akiambiwa kosa lilikuwa ramu iliyochafuka, na imesafishwa kwa raba, huanza kuguna: pesa ya nini, wakati hukuweka kitu? Kwa tabia hiyo tunamfundisha fundi mwaminifu kwamba uongo una faida. Angesema bodi imeungua, angelipwa mara kumi bila ubishi. Anayekuambia ukweli ndiye tunayemkata bei, kisha tunalalamika kwamba mafundi ni wezi.

Basi ukienda kibandani, iwe Migori au Homa Bay au popote ulipo, mweleze fundi yote yaliyotokea, hata lile la mtoto aliyemwaga chai. Beba waya wako wa nyumbani. Muulize amejuaje, si amebadilisha nini. Akikuonyesha kwa mita au kwa masikio yako mwenyewe, mlipe kwa kutambua, hata kama tiba yenyewe ilikuwa raba ya mwanafunzi. Na jioni wingu likijikusanya upande wa ziwa, nakili kazi yako kwenye flashi, uchomoe plagi ukutani.